Hakuna Mtoto Aliyetumwa

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa, yaani umri ule ambao mtu mzima akikohoa tu wewe unasimama tayari kukimbia, kulikuwa na jioni fulani ambazo Bibi hakututuma popote. Zilikuwa jioni za nyota kubwa. Jua likigusa ukingo wa bonde upande wa magharibi, nyota hiyo hutokea upande wa pili, mashariki, nyeupe na tulivu. Haikumetameta kama nyingine. Ilitazama tu.

Bibi alisema hao, jua na nyota ile, ni wazee wawili wameketi wanatazamana. Wana maneno yao, na mtoto mwenye adabu hapiti katikati ya wazee wanaozungumza. Kwa hiyo tangu jua linapogusa ardhi mpaka wekundu uishe angani, mtu asisimame mahali peupe. Kaa ndani, au jibanze ukutani. Wekundu ukiisha, mzee mmoja ameshaondoka, nawe toka uendelee na shughuli zako.

"Na ukipita?" niliwahi kumuuliza.

"Maneno yao yanakuangukia wewe."

"Maneno gani, Bibi?"

"Ungeyajua maneno ya wazee ungekuwa mzee. Nenda kafunge kuku."

Mpaka leo sijui imani hiyo ilikuwa ya nani hasa. Sisi ni Wasukuma tuliohamia bonde la Usangu na ng'ombe kabla sijazaliwa, na nyumba yetu ilikuwa nje ya Rujewa, ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Majirani zetu Wasangu hawakuwahi kuisikia. Nimewauliza Wasukuma wenzangu ukubwani nao wakatikisa kichwa. Huenda ilikuwa ya ukoo wa mama yake Bibi, huenda ilikuwa yake peke yake. Ninachojua ni kwamba haikutolewa kama kitisho. Ilitolewa kama adabu, na kwetu adabu ilishinda kitisho. Watu wazima wawili wakiwa wanaongea uwanjani hukatizi katikati yao. Ikibidi, unainama, unasema "Naomba njia," kisha unangoja uambiwe "Pita." Nilishamwona Mama na ndoo ya maji kichwani, amesimama, maji yanamtiririkia shingoni, anasubiri wazee wawili wamalize kisa chao cha ng'ombe aliyepotea ndipo wamwone.

Baba yangu alifariki nikiwa sijui hata kutembea. Aliyenilea kama baba ni mdogo wake, Baba mdogo Mabula. Ndiye aliyenipeleka shule siku ya kwanza, nimekaa kwenye bomba la mbele la baiskeli yake. Alikuwa mtu wa mzaha, anaimba vibaya makusudi ili ng'ombe wamsikie kutoka mbali, na wakati huohuo ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akimbishia Bibi.

Mwaka mmoja kiangazi kilikuwa kikali. Ilikuwa mwezi wa tisa, majaruba yamekauka, mabua ya mpunga yameliwa mpaka mizizi, na ng'ombe wetu wakawa wanalala njaa. Baba mdogo alitaka awahamishie upande wa Chunya, alikosikia bado kuna majani. Hakutaka kwenda kulisha na kurudi. Alitaka tuhamie huko wote. Bibi alikataa. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mchele, na ugomvi wao niliusikia wote.

"Nimewaacha baba na mama yangu kwenye udongo wa Usukuma," Bibi alisema. "Nikaja huku nikamzika baba yako. Nikamzika kaka yako. Sasa unataka nihame tena, niende nikamzike nani?"

"Mayu, ng'ombe wanakufa." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na Baba mdogo alilitamka kwa upole hata akiwa na hasira.

"Waliokufa wako hapa."

"Mayu, ng'ombe hawali makaburi."

Mama, aliyekuwa anatwanga, aliacha mchi hewani. Nadhani Baba mdogo mwenyewe alijua amevuka mpaka. Bibi alimtazama. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Basi hao ng'ombe ndio wawe mama yako. Siku nikifa, usije. Usinizike wewe."

Baba mdogo alichukua fimbo yake na koti lake. Fuso la kubeba ng'ombe, la kuondoka jioni jua likipoa, lilikuwa tayari linasubiri mjini, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, penye jukwaa la kupandishia. Aliwatoa ng'ombe zizini mwenyewe. Safari hiyo hakuimba.

Watu wengine wanaweza kuyachukua maneno kama yale kuwa hasira tu. Kwetu hayakuwa hasira tu. Mzazi akimwambia mwanawe asimzike, amemtoa kwenye uzao wake. Lakini ilikuwepo njia ya kulirudisha neno. Mzazi anachukua maji, anayasukutua, anayapuliza chini, na yanayobaki anampelekea mwanawe ayanywe. Tuliita kulipoza neno. Sharti ni kwamba yamfikie siku ileile. Neno likishalala usiku mmoja, maji ya kutumwa hayafai tena. Hapo mwenye kinywa na mwenye sikio ni lazima wakutane uso kwa uso. Na maji hayo hupelekwa na mtoto, kwa sababu mtu mzima akienda ataongeza maneno yake njiani.

Bibi alikaa kwenye kigoda chake mchana wote bila kula. Jua lilipoanza kushuka aliniita.

"Minza. Lete maji."

Alisukutua, akapuliza, akatia yaliyobaki kwenye kibuyu kidogo, akanipa.  "Mpe Baba yako mdogo. Usiseme kitu. Akishakunywa, rudi naye au rudi peke yako, yote sawa. Kimbia."

Sidhani kama alikumbuka ni jioni za nyota. Alikuwa na kitu kimoja tu kichwani, na mimi ndiye nilikuwa miguu yake. Nikakimbia.

Kati ya nyumba yetu na mji kulikuwa na majaruba matupu, tambarare kabisa, hakuna mti wala kichaka. Nilikimbia juu ya tuta nimeziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja. Nilikuwa nimefika katikati, naliona paa la mashine na kichwa cha lile Fuso, wakati jua lilipogusa ardhi upande wangu wa kuume. Nikageuka kushoto kwa mazoea. Nyota ilikuwepo, hafifu bado, juu kidogo ya upeo, kama tone la maziwa.

Nilisimama.

Nataka kueleza vizuri jambo hili, kwa sababu watu niliowasimulia huwa wanadhani niliogopa. Niliogopa kidogo, ndiyo. Lakini zaidi nilikuwa mtoto aliyelelewa. Nilifanya nilivyofundishwa kufanya mbele ya wazee wawili: nilishuka kwenye tuta nikachutama, nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti, "Naomba njia."

Kisha nikangoja waseme "Pita."

Nilirudia mara kadhaa. Nilibadilisha, nikasema kwa Kisukuma, pengine hawajui Kiswahili. Honi ya Fuso ilipigwa, ikanyamaza, ikapigwa tena. Nililia nikiwa nimechutama, kibuyu nimekikumbatia, na bado sikuinuka, kwa sababu hakuna aliyenijibu, na mtoto hainuki kabla hajajibiwa. Wekundu ulikwisha polepole, kwanza juu, kisha chini. Ulipokwisha kabisa nilikimbia kama niliyefunguliwa kamba. Nilipofika mashineni nilikuta mavi mabichi ya ng'ombe, vumbi ambalo halijatua, na taa nyekundu za nyuma zinakata kona kuelekea barabara kuu.

Nyumbani nilimkuta Bibi amesimama nje.

"Amekunywa?"

"Wameondoka."

"Wameondoka saa ngapi? Nilikutuma mapema."

"Nilisubiri wekundu uishe, Bibi. Niliomba njia. Hawakunijibu."

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo, na sijakutana na ukurasa unaoelezea uso niliouona pale. Ulikuwa uso wa mtu aliyefunga mlango kwa nguvu na kukuta mkono wake mwenyewe umebaki kwenye fremu. Aliinua macho kuangalia mashariki, nyota imeshapanda inang'aa. Akakichukua kibuyu mikononi mwangu, akayamwaga maji chini ya ukuta. Mama alikuwa anatoka jikoni na koroboi.

"Imekuwaje? Minza amefika?"

Bibi alimkatiza. "Hakuna mtoto aliyetumwa."

"Mama, si umemtuma sasa hivi..."

"Umenisikia? Hakuna mtoto aliyetumwa. Leo, kesho, hata nikifa. Na wewe, Minza. Ulikuwa ndani unachambua mchele."

Niliitikia ndiyo. Nilifikiri anaficha aibu yake, kwamba hataki watu wajue sheria yake ndiyo iliyomshinda. Nilibaki na wazo hilo miaka mingi, na ninakiri lilinipa unafuu. Kama aibu ni yake, basi yangu ni ndogo.

Baba mdogo alifika Chunya, akaoa, akapata watoto, ng'ombe wakaongezeka. Alituma salamu kwa watu waliopita. Simu zilipokuja alimpigia Mama kwenye sikukuu, akauliza kila mtu ni mzima, akauliza "na Mayu?", akaambiwa mzima, akasema mshukuruni Mungu. Hakuwahi kuomba aongee naye. Wala hakuja. Wote walijua sababu, au walidhani wanaijua: mama angetaka kulipoza neno lake angetuma mtu jioni ileile, kama desturi. Hakutuma. Maana yake alilimaanisha. Bondeni kote Bibi akaitwa mama mwenye moyo wa jiwe, mpaka watoto wa majirani walikuwa wanasalimia kwa mbali. Alisikia. Hakujibu.

Kitu kimoja kilibadilika. Nyota ile haiji tarehe moja. Kila mwaka inachelewa kama mwezi, na kuna miaka ilitujia wakati wa mvua, mawingu yakaificha. Lakini ikija mbele ya jua, Bibi aliacha kuingia ndani. Alitoka kusimama uwanjani, peupe, mikono nyuma, tangu jua linapogusa ardhi mpaka wekundu uishe.

"Mama, ingia ndani," Mama alikuwa akimwambia.

"Waache waniangushie."

Mimi nilisoma, nikawa mwalimu wa jiografia. Ninafundisha sekondari ya wasichana hapa Iringa. Miaka michache iliyopita, mwezi wa tisa, mwalimu mwenzangu wa fizikia, Mwalimu Kihwele, aliazima darubini akaisimika kwenye uwanja wa netiboli jioni. Aliwaambia wasichana kwamba Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, iko mkabala na jua.

"Mkabala ndiyo nini, mwalimu?"

"Ni upinzani. Jua upande huu, sayari upande ule."

"Upinzani wa chama gani?" mmoja akauliza, na uwanja mzima ukaanguka kicheko. Kihwele alicheka pia, kisha akachukua wasichana watatu akawapanga kwenye mstari. Wa mwanzo akamwita Jua, wa mwisho Mshtarii, wa katikati Dunia.

"Wewe Dunia, Jua yuko wapi?"

"Mbele yangu."

"Na Mshtarii?"

"Nyuma."

"Basi ndiyo maana jua linapozama huku, yeye anachomoza kule. Ni kwa sababu sisi tuko katikati. Ndiyo wakati anaokuwa karibu na sisi na kung'aa zaidi. Sasa njooni mmwone."

Nikajua ndiyo nyota ya Bibi, na zamu yangu ilipofika niliinama kwenye darubini. Niliona duara dogo la rangi ya maziwa na mistari miwili hafifu, na pembeni yake nukta nne zimejipanga, miezi yake. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Nilimuuliza Kihwele huwa inarudi baada ya muda gani. Akasema kukaa mkabala na jua ni kila mwaka na mwezi hivi, ila kurudi mahali hapahapa, miezi hii hii, ni baada ya kama miaka kumi na miwili. Nilihesabu kimoyomoyo nikaona imezunguka mara mbili tangu nichutame kwenye lile tuta.

Kitu kilichonishika zaidi ni yule msichana wa katikati. Tuko katikati sote. Si mtoto aliyesimama peupe tu. Aliye ndani yuko katikati, aliye kitandani yuko katikati, na Fuso, na ng'ombe, na mashine ya mpunga, na Chunya. Hakuna pa kujibanza. Usiku ule nilijiona nimebeba habari njema. Jumamosi nikapanda basi la Mbeya, nikashuka njia panda ya Rujewa, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani.

Bibi alikuwa amezeeka sana, macho yameingia ukungu, lakini masikio mazima. Nilimweleza taratibu, nikimpangia vikombe vitatu mkekani avipapase.

"Hiki ni jua. Hiki ni ile nyota. Sisi ni hiki cha katikati."

"Sisi hapa nyumbani?"

"Sisi wote, Bibi. Dunia nzima."

"Hata aliyeingia ndani?"

"Hata aliyeingia ndani."

"Hata akijificha ukutani?"

"Ukuta nao uko katikati. Kwa hiyo haina ubaya. Haikuwa na ubaya kamwe."

Nilikuwa natabasamu. Nakumbuka hilo vizuri. Bibi aliendelea kukishika kikombe cha katikati, anakizungusha.

"Basi nilikusimamisha bure," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Miaka yote ile alikuwa amepoteza mwana, lakini alikuwa na kitu cha kushikilia: kwamba mjukuu aliposubiri, alikuwa anajikinga na jambo la kweli, kwamba ilibidi kuchagua, na mtoto alipona. Mimi, kwa vikombe vyangu vitatu, nilikuwa nimemnyang'anya hicho. Nilijaribu kurekebisha, nikasema pengine wazee wa zamani walikuwa na maana nyingine. Aliinua kiganja kuninyamazisha.

"Usihangaike, mwalimu. Umenifundisha vizuri."

Jioni ile, ili nizibe kimya, nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu. Kwa nini alikataza watu wasiseme kwamba nilitumwa? Baba mdogo angejua, angekuja.

Alinigeukia kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha.

"Angejua, angekuuliza wewe ulichelewa wapi. Na ukoo wote wangekuuliza. Kila msiba, kila harusi, ungekuwa mtoto aliyechelewesha maji. Ulikuwa hivi." Akashusha kiganja karibu na mkeka. "Mimi mkubwa. Nikiitwa jiwe, jiwe linakaa."

Kumbe hakuwa anaficha aibu yake. Nilikuwa nimeishi chini ya kivuli cha mwanamke huyo muda wote, nikimhurumia kwa aibu ambayo wala haikuwa yake.

Sikulala. Asubuhi, bila kumwomba ruhusa, nilitoka nyuma ya nyumba nikampigia Baba mdogo.

"Mwalimu!" alipiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Umeshapata mume au unafundisha tu?"

"Baba mdogo, siku ile ulipoondoka, Bibi alinituma."

Nilisikia ng'ombe anakohoa upande wake. Nilisikia upepo kwenye simu.

"Alikutuma na nini?"

"Na maji. Nilichelewa. Nyota ilitoka nikiwa kwenye majaruba, nikasubiri wekundu uishe."

 Alipozungumza ule mzaha ulikuwa umemtoka.

"Dereva alikuwa anapiga honi, namwambia ngoja kidogo. Nilijua atakuja mtu. Nikamwambia, siwezi kupitisha ng'ombe katikati ya wale wawili, wekundu ukiisha ndipo tuondoke." Alivuta pumzi. "Minza, mimi pia nilikuwa nasubiri wekundu uishe."

 Mmoja kwenye jukwaa la mashine, mwingine amechutama kwenye majaruba, tumeangalia anga lilelile, kila mmoja akimtii mwanamke yuleyule, mpaka tukaruhusiwa kwa wakati mmoja: yeye aondoke, mimi nikimbie.

"Nitakuja," akasema. "Nipande, nivune. Mvua zikikatika nitakuja nimwone, anipe maji kwa mkono wake."

Nilirudi ndani nikamwambia Bibi. Alinikasirikia kweli. "Nilikukataza!"

"Ulinikataza nikiwa mtoto."

"Na sasa wewe ni nani?" Kisha, baada ya kupanga upya kanga yake kwa muda: "Amesema nini?"

Tangu siku hiyo, kila nilipopiga simu nyumbani kuulizia hali, yeye alichukua simu kuuliza swali moja. "Mvua imekatika huko Chunya?" Nikimwambia bado, Bibi, ndiyo kwanza mwezi wa kwanza, alisema haya, na kumrudishia Mama simu. Ningeweza kumwambia Baba mdogo asisubiri mavuno. Ningeweza kupanda basi kwenda Chunya kumleta kwa mkono. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na nilidhani mambo yamenyooka, kilichobaki ni msimu tu.

Bibi alifariki mwezi wa nne, mvua zikiwa karibu kukatika. Alikwenda usingizini. Baba mdogo alipigiwa simu usiku uleule, akasema yuko njiani. Tulimsubiri mpaka saa ambayo wazee walisema kaburi linajaa maji, hatuwezi tena. Tukamzika kando ya mumewe na mwanawe, vijana wakichota tope badala ya udongo.

Watu walikuwa wananawa mikono alipotokea kwenye tuta, mzee wa mvi, koti limelowa, viatu mkononi. Mama alimwendea mbio.

"Shemeji! Umekwama wapi? Daraja?"

"Nimefika tangu asubuhi," alisema. "Nilikuwa pale mashineni. Nilikaa mpaka niliposikia mmemaliza."

"Umekaa? Mama yako anazikwa, umekaa?"

"Alisema nisimzike."

"Lakini alilirudisha neno lake! Minza si alikwambia?"

"Aliniambia." Alinitazama, na hakukuwa na hasira yoyote machoni pake. "Lakini sikulisikia kwake. Singeweza kushika koleo juu ya neno la Mayu kwa sababu tu linaniuma."

Walikuwepo waliomlaumu siku ile, na wengine wanamlaumu mpaka leo. Mimi siwezi. Najua utii huo ulipikwa jiko gani, maana nami nililishwa hapohapo. Jioni ilipofika nilitoka naye kwenda kaburini. Mawingu yalikuwa yamefunguka na anga la mashariki lilikuwa tupu. Miezi hiyo Mshtarii iko nyuma ya jua, haionekani kabisa. Hapakuwa na mzee yeyote wa pili. Alisimama kwa hatua kadhaa kutoka kwenye tope jipya, hakuligusa, akamsalimia mama yake kwa salamu ya jioni ya Kisukuma kama anavyomsalimia mtu aliyeketi. Kisha akanigeukia.

"Umeshakula, mwalimu? Unaonekana hujala tangu jana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali lingine. Tangu nikiwa mtoto nilikuwa nimelitengenezea majibu, ya kujitetea na ya kuomba radhi, na njiani kutoka Iringa nilikuwa nimeyarudia yote. Ulichelewa wapi? Kwa nini ulikaa na habari hii mpaka ukazeeka nayo? Hakuniuliza. Hajaniuliza mpaka leo, na tunaongea kila wiki. Mama yake alinifichia kosa ili nisihukumiwe, na yeye akalijua na bado hakunihukumu, na nafikiri watu wanaosikia hivi husema nina bahati. Labda ninayo. Lakini mtu akikukaripia, unajua pa kuanzia: unalia, unaomba, unasamehewa, unakwenda kulala. Mimi niliitikia kwamba bado sijala. Tukarudi nyumbani, akanitilia ugali kwa mkono wake, akakaa mbele yangu kuhakikisha nimemaliza.